Kutoka Misali hadi Sigil na kurudi: safari yenye hesabu mbili za siku

Hii ni kumbukumbu ya msafara wa watu watano katika mchezo wa Dungeons & Dragons, kwa kanuni za toleo la tano lililotoka mwaka 2014. Mchezo wenyewe, wa kusimulia hadithi mezani kwa dadu, ulizaliwa Marekani mwaka 1974. Malimwengu yake ni mengi. Katikati upo ulimwengu wa wanaadamu, ubavuni mwake Feywild na Shadowfell, ukungu wa Etheri umeuzunguka, na ng'ambo ya bahari ya Astrali yapo malimwengu 16 yaliyojipanga kama gurudumu, na nchi ya Outlands ndiyo kitovu chake. Hapa safari imeng'olewa nanga Pemba. Kanuni za kuvuka ni za mchezo. Upepo na maji ni ya Pemba yenyewe.

Nia ya msafara ilikuwa kupima njia: ipi inafikisha, ipi inapoteza, na kila moja inagharimu nini. Wasafiri ni mganga wa ngazi ya 13 (ngazi ni kipimo cha uzoefu), mpiganaji, msasi, mnyatiaji na nahodha. Kati yao ni mganga peke yake awezaye kuvusha watu. Kila siku imeandikwa kwa hesabu mbili, ya msafara na ya Pemba. Sababu yake itaonekana siku ya tatu.

Siku ya 1. Pemba, siku ya 1. Chake Chake na Pujini

Asubuhi yote imekwenda katika kufunga mizigo na kuhesabu nafasi, yaani mara ngapi mganga aweza kufanya uganga kabla ya kupumzika. Uganga wa Kuhama, ule unaomtoa mtu ulimwengu mmoja na kumweka mwengine papo hapo, ni wa daraja la saba, na mganga wa ngazi ya 13 ana nafasi moja tu ya daraja hilo. Akishaitumia, hairudi mpaka apumzike saa nane kamili, na pumziko refu la namna hiyo halihesabiwi zaidi ya mara moja katika saa 24. Kwa hiyo ukivuka leo, leo hurudi. Wengi huligundua hili wakiwa wameshafika, adui mbele yao na mganga mikono mitupu. Mganga akifika ngazi ya 15 hupata nafasi moja ya daraja la nane, na Kuhama kunaweza kufanywa kwa nafasi hiyo. Kuanzia hapo ndipo kwenda na kurudi siku moja kunapowezekana. Kabla ya hapo, kila kuvuka kupangwe pamoja na mahali pa kulala.

Kuhama kunahitaji uma wa chuma wenye meno mawili, thamani yake isipungue vipande 250 vya dhahabu, nao uwe umetiwa sauti ya ulimwengu mmoja maalumu. Uganga haumli uma. Unabaki mkononi na utatumika tena. Lakini uma wa Outlands unakwenda Outlands tu. Kosa kubwa kuliko yote katika safari hizi ni kununua uma wa kwendea na kusahau wa kurudia, kwa kudhani kwamba nyumbani hakuhitaji uma. Nyumbani nako ni ulimwengu, una sauti yake.

Msafara umechukua uma nne: mmoja wa Outlands, mmoja wa Astrali, na mbili za nyumbani. Jumla ni vipande 1,000. Mmoja wa nyumbani uko kiunoni mwa mganga, wa pili umeshonewa ndani ya fulana ya mpiganaji. Mbali na hizo, kuna unga wa almasi wa vipande 100, ambao ni dozi moja ya uganga wa Kurejesha (wa kuponya), kamba ya usumba pima 20, turubai, daftari na chakula cha siku kumi.

Alasiri, Pujini. Gofu hili la ngome, kusini-mashariki ya Chake Chake, ni la karne ya 15, na wenyeji hulisimulia kuwa la Mkama Ndume. Katika mchezo wetu, chumba chake cha chini ya ardhi kina duara la kudumu la kusafiria, upana wake futi kumi. Duara la namna hii halichorwi mara moja likaisha. Mjuzi hulirudia pale pale kila siku kwa mwaka mzima, na kila siku wino na chaki zilizochanganywa na vito vya vipande 50 huliwa. Siku 365 kwa 50 ni vipande 18,250. Aliyelitengeneza hakujihurumia.

Mganga ameinama nalo kwa dakika moja, taa karibu na sakafu, akizifuata alama kwa kidole bila ya kuzigusa. Dakika moja ya kutazama kwa makini inatosha kuzihifadhi alama zote kwa mpangilio wake. Ndiyo kazi muhimu kuliko zote za leo. Kuhama bila ya kujua alama za duara lolote hukuteremsha "mahali hapo au karibu yake", na hilo "karibu" huamuliwa na mwendesha mchezo, yaani msimulizi wa meza. Kwa mtu anayerudi Pemba, karibu inaweza kuwa mkondo wa bahari kati ya kisiwa na bara, ambao kina chake kinafikia mamia ya mita. Ukizijua alama, unashukia ndani ya duara.

Siku ya 2. Pemba, siku ya 2. Msitu wa Ngezi

Bamvua la mwezi mchanga. Mashua imefika pwani ya kaskazini-magharibi maji yakiwa yamejaa hasa, ikapandishwa mchangani mpaka mwisho wa maji. Nahodha ameridhika: hata maji yaje vipi, hayaichukui.

Njia ya kwanza kupimwa ni ya kwa miguu, na haina gharama hata ya senti. Vivuko vya Feywild viko kwenye mahali pazuri pa upweke ambapo ulimwengu huu na ule vinafanana karibu sawasawa, kama uso na kioo. Ngezi inafaa kwa hilo: mivule, mipapindi, unyevu, na mwangaza unaochujwa na majani hata adhuhuri. Msafara umeingia jua linapozama kwa sababu Feywild ni nchi ya magharibi isiyokwisha. Hakuchi wala hakutwi. Wakati huo wa siku pande mbili hufanana zaidi.

Mwendo ni mmoja mmoja, kamba imepitishwa viunoni, hatua tatu baina ya mtu na mtu. Dalili ya kuvuka haikuwa mlango wala mwanga. Sauti ya bahari, ambayo Ngezi haipotei kabisa, ilikatika. Msasi, aliyekuwa mbele, alisimama kusikiliza. Hilo lisifanywe. Mkiwa wengine wameshavuka na wengine bado, kamba inaunganisha watu ambao saa zao hazilingani tena.

Siku ya 3. Pemba, siku ya 9. Ngezi

Ndani ya Feywild msafara umekaa siku moja kamili. Yaliyomo humo ni marefu na si ya kumbukumbu hii. Linalotuhusu ni kutoka.

Anayetoka hukabiliwa na mambo mawili, na mwendesha mchezo ndiye anayeamua kama yatatumika. La kwanza ni kumbukumbu: kila mtu hutupa dadu ya pande 20, huongeza busara yake, na akikosa kufika 10 husahau yote aliyoyaona humo. Msasi alipata 6, naye hakumbuki kitu. Daftari limesaidia. Aandike mtu angali ndani, asingoje atoke.

La pili ni wakati. Dadu hutupwa mara moja kwa msafara wote. Ukipata 1 au 2, kila siku uliyokaa imekuwa dakika huku nje. 3 hadi 6, saa. 7 hadi 13, mambo ni sawa. 14 hadi 17, siku imekuwa wiki, 18 na 19, mwezi, 20, mwaka. Nafasi ya kuchelewa ni saba kati ya 20, na hiyo si ndogo. Msafara umepata 15. Siku moja, wiki moja.

Ndiyo maana ya hesabu mbili. Mvuvi yeyote wa kisiwani ameshaona tatizo lilipo. Mashua ilipandishwa kwa bamvua, na wiki moja baada ya bamvua ni maji mafu. Bamvua huku maji hupanda na kushuka karibu mita nne; maji mafu hata nusu ya hapo hayafiki. Mashua iko salama, imekauka, na maji yanapojaa huishia hatua nyingi chini yake.

Siku ya 4. Pemba, siku ya 10. Kushua mashua

Kungoja bamvua jengine ni siku sita, hakuna atakayengoja. Mashua imeshuliwa kwa magogo matano ya mviringo, watu wanne begani na mmoja akihamisha gogo la nyuma kuja mbele. Kazi ilianza maji yakiwa nusu ya kujaa ili mwisho wa kusukuma ukutane na kilele cha maji. Wakianza kilele kikiwa kimeshafika, watakuwa wanayafukuza maji yanayorudi.

Kaskazi ilikuwa nzuri. Tanga lilikamata upepo wa nyuma na mashua ikateremka ubavu wa magharibi wa kisiwa mpaka Misali jioni. Iliachwa pwani juu kidogo ya alama ya maji, nanga moja, kamba pima nane.

Siku ya 5. Pemba, siku ya 11. Misali hadi Outlands

Misali, kisiwa ambacho wazee hulifungamanisha jina lake na msala, mkeka wa kusalia, hakina mji. Wavuvi hupiga dago wakaondoka. Imechaguliwa kwa sababu Kuhama kunataka nafasi wazi na utulivu, na wasiwepo watu wa pembeni wa kuchanganyika na duara.

Utaratibu wenyewe. Wasafiri husimama mviringo na kushikana mikono. Mganga anaweza kuchukua hadi viumbe wanane mbali na yeye, na kila mmoja awe ameridhia kwa hiari yake. Kiumbe ni kiumbe: punda anahesabiwa mmoja. Mizigo ivaliwe au ifungwe mwilini, kwa sababu mikono haina nafasi. Kisha mganga hutamka, hufanya ishara, na uma huwa mkononi mwake. Hapo ndipo wageni hukwama: yeye yumo katika mviringo na mikono yake imeshikwa. Suluhisho ni kuushika uma kwa vidole viwili vya mkono wa kulia na kumwachia jirani avishike vidole vitatu vilivyobaki. Uma ukagongwa kwenye kifungo cha mkanda. Meno yake yalitetema mpaka yakawa kama manne, na sauti haikuja masikioni. Ilipanda mkononi, ikavuka viganja, kila mmoja akaisikia kwa zamu katika mfupa wa kiwiko. Tendo zima ni sekunde sita.

Mahali palipotajwa ni Tradegate, mmoja wa miji 16 iliyopangwa kwenye ukingo wa Outlands, kila mji na mlango wa ulimwengu wake. Toleo la 3.5, la mwaka 2003, lilisema wazi kwamba msafiri wa Kuhama huteremka maili 5 hadi 500 kutoka alipokusudia. Toleo la 2014 limeacha namba na kumwachia mwendesha mchezo. Mezani kwetu tunatupa dadu tano za pande sita na kujumlisha. Zimetoka 19. Kwa mwendo wa kawaida wa maili tatu kwa saa, hiyo ni saa sita na dakika 20, na msafara umeingia mjini siku hiyo hiyo. Nafasi ya daraja la saba imeshatumika, kwa hiyo wamelala nyumba ya wageni yenye kitasa, si porini.

Neno moja kwa wanaouliza kwa nini hawakupita Etheri. Etheri inaunganisha ulimwengu wetu na Feywild, Shadowfell na malimwengu ya upepo, ardhi, moto na maji. Ndani yake kuna mapazia ya rangi: feruzi ni la nyumbani, kijivu ni la Shadowfell, jeupe la kumetameta ni la Feywild. Safari humo haina masafa. Hutupwa dadu ya pande kumi, ikazidishwa kwa kumi, na hizo ndizo saa. Lakini Etheri haigusi malimwengu ya nje. Pazia la Outlands halimo, utatafuta mpaka uchoke.

Siku ya 6. Pemba, siku ya 12. Tradegate hadi Sigil

Sigil, mji wa milango, umejengwa upande wa ndani wa pete kubwa iliyoko juu ya mnara wa Outlands. Ukiinua macho huoni mbingu. Unaona mapaa ya majirani. Kuingia humo ni kwa mlango tu. Uma hausaidii, uganga wa kuhama hausaidii, na hata miungu imezuiwa. Mwenye mji anaitwa Lady of Pain, na adabu yake ni moja: usimwabudu, usimtafute, usisimame njiani mwake. Waliokosea wamefungiwa katika vichochoro visivyo mwisho.

Kila mlango una ufunguo wake, na ufunguo si lazima uwe chuma. Waweza kuwa kitu, neno, wimbo, au hali ya moyo. Wa Tradegate, katika mchezo huu, ni kikonyo cha karafuu mbichi, na msafara ulikuja nacho kutoka Pemba. Kila mtu alichukua chake. Vikonyo vilihifadhiwa katika jani bichi la mgomba na kunyunyiziwa maji, kwa sababu karafuu ikishakauka hugeuka rangi na mlango hauitambui. Siku sita katika jani hilo zilikifanya cha mnyatiaji kianze kuwa na madoa ya kahawia kwenye matako ya matumba. Mlango ulifunguka, lakini ulisita.

Hatari ya Sigil ni kinyume cha hiyo, kufungua mlango bila ya kujua. Uwazi wowote wenye mpaka, ukiwa upinde, dirisha au pete ya pipa, waweza kuwa mlango, na ufunguo wake waweza kuwa kitu ulicho nacho mfukoni tangu jana. Kabla ya kutembea mjini, mifuko imemwagwa na kila kitu kisicho cha lazima kimefungwa katika turubai. Kamba nayo haivaliwi tena kiunoni. Akivuka mmoja kwa bahati mbaya, mlango ukajifunga, kamba iliyokaza haina huruma.

Sokoni wameonyeshwa vitu viwili vya kuvukia. Kimoja ni kidani cha malimwengu. Mvaaji hutaja anakokwenda, hutupa dadu ya pande 20 na kuongeza akili yake, na anahitaji 15. Mganga huyu akili yake ni ya kawaida, haiongezi kitu, kwa hiyo katika majaribio 100 atafika 30. Mara 42 atateremka ulimwengu alioutaja lakini popote pale. Mara 28 zilizobaki, ulimwengu wowote. Tena akikosa huondoka na kila aliye ndani ya futi 15. Kwa msafara usio na mjuzi, kidani hicho ni kaburi lenye mnyororo.

Kitu cha pili ni kitambaa cheusi kama kaniki, ambacho kikitandazwa huwa shimo la duara la futi sita linalotokea ulimwengu mwengine. Kikikunjwa shimo hufungika, na halifunguki tena mpaka zipite saa moja hadi nane, kwa dadu ya pande nane. Ni kizuri kwa kukimbilia. Kwa safari hakifai, kwa sababu kila kikitandazwa mwendesha mchezo anaweza kuchagua kwengine. Njia uliyokwendea haipo tena unapogeuka. Havikununuliwa.

Siku ya 7. Pemba, siku ya 13. Hades na mto Styx

Mlango wa Sigil uliowatoa ulifunguka kwa kipande cha kamba iliyokatika. Hades, mmoja wa malimwengu 16 ya gurudumu, haina rangi. Jambo la kwanza lililoamuliwa ni kwamba hakuna kulala huko. Anayemaliza pumziko refu Hades hutupa dadu ya busara, na akikosa 10 hupata daraja moja la uchovu lisiloondoka mpaka atoke. Akifikisha madaraja sita hafi. Hugeuka funza.

Styx hupita tabaka za juu za malimwengu saba: Acheron, Nine Hells, Gehenna, Hades, Carceri, Abyss na Pandemonium. Kwa anayetaka kupita huko chini ndiyo njia kuu, na wapiga kasia wake, merrenoloth, hulipwa kabla ya kukanyaga chombo. Shida ni maji. Asiye shetani wa huko akiyaonja au akiyagusa tu, hutupa dadu ya akili dhidi ya 15. Akikosa, akili yake na haiba yake hushuka hadi 1: hafahamu maneno, hawezi kufanya uganga wowote, na nafasi ya kujaribu tena huja kila baada ya siku 30.

Kwa hiyo kukaa chomboni kuna mpango. Mganga katikati, chini, turubai mabegani. Akiguswa yeye hakuna wa kumtibu, wala hakuna wa kuwarudisha. Msafara wote umeishia hapo. Mpiganaji na nahodha pembeni, mikono ndani. Hakuna kushika ubavu wa chombo hata kikiyumba, na watu wa pwani hili ndilo linawashinda, kwa sababu mkono wao umezoea kwenda ubavuni wenyewe.

Ilitokea wakati wa kufunga gati. Chombo kiligusa mawe, mnyatiaji akasimama mapema, mkono ukaenda ubavuni. Tone moja, dogo kuliko punje ya mtama, lilitua juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Halikuteleza kama maji. Lilikaa hapo duara, lina utando wa mafuta, likaingia ndani ya ngozi polepole kama wino unavyonywewa na karatasi. Dadu, 9. Alimtazama mganga kama mtoto anavyotazama mgeni.

Uganga wa Kurejesha, daraja la tano, ulimponya, na unga wa almasi wa vipande 100 ukaliwa wote. Nafasi za daraja la tano mganga anazo mbili, lakini dozi ilikuwa moja. Atakayefuata njia hii achukue dozi tatu kwa watu watano, na asiivuke Styx mara ya pili akiwa amebakiwa na moja.

Hapo hapo gatini, kabla ya uchovu, nafasi ya daraja la saba ya siku hiyo ikatumika: uma wa Astrali, mikono, sekunde sita.

Siku ya 8. Pemba, siku ya 14. Astrali

Katika Astrali mtu haoni njaa wala kiu, wala hazeeki. Huendi kwa miguu, unakwenda kwa kufikiri: kasi yako kwa futi ni akili yako mara tatu katika kila sekunde sita. Mganga mwenye akili 10 huenda futi 30, mpiganaji mwenye 8 huenda 24, mnyatiaji mwenye 14 huenda 42. Baada ya dakika moja ya kila mtu na kasi yake, wa kwanza na wa mwisho wameachana futi 180. Kamba ya usumba imerudi viunoni, na mwendo ni wa mpiganaji.

Pumziko refu lilikamilika, nafasi ikarudi. Kisha wakatafuta dimbwi la rangi, ndilo mlango wa kutokea Astrali. Hutupwa dadu ya pande nne, ikazidishwa kwa kumi: ilitoka 2, saa 20. Dhahabu ni la Mount Celestia, jekundu la yakuti ni la Nine Hells, jeusi tii ni la Limbo, kahawia ya ngozi ni la Outlands. La fedha ndilo la ulimwengu wa wanaadamu.

Njiani walikutana na wasafiri wa namna nyengine, wale wa kuvuka kwa roho. Uganga wao ni wa daraja la tisa, hauwezekani kabla ya ngazi ya 17. Kila mmoja hugharimiwa kito cha vipande 1,000 na mche wa fedha uliochongwa wa vipande 100, vyote vikaliwa. Kwa watu watano ni 5,500. Mwili hubaki nyumbani umelala, hauli, hauvuti pumzi. Mgongoni, baina ya mabega, hutoka uzi wa fedha unaoonekana futi moja tu kisha ukapotea machoni. Akiuawa roho, hurudi mwilini mwake mzima, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Uzi ukikatwa, amekufa hapo hapo, na panga za fedha za githyanki, wapiganaji wa Astrali, zinaukata. Tena mwenye kuufanya uganga akirudi peke yake mapema, wenziwe hubaki huku na kujitafutia njia.

Dimbwi la fedha lilipatikana. Halikuingiwa. Dimbwi hukufikisha lilipo mwisho wake, na ulimwengu wa wanaadamu ni mpana. Waweza kutokea upande wa pili wa dunia, ukabaki na miezi ya bahari kabla ya kuiona Ras Kigomasha.

Siku ya 9. Pemba, siku ya 15. Pujini

Uma wa nyumbani, na badala ya jina la mahali mganga alizitaja alama za duara kwa mpangilio aliouhifadhi siku ya kwanza. Hakuna dadu iliyotupwa. Nyayo kumi zikatua ndani ya futi kumi za duara, kizani, na harufu ya udongo wa Pemba.

Juu kulikuwa usiku. Nahodha alitoka nje, akaangalia mbinguni, akauona mwezi umekaribia kujaa. Kesho ni bamvua. Mashua iko Misali, ng'ambo ya pili ya kisiwa, juu kidogo ya alama ya maji mafu, nanga moja na kamba pima nane, na maji ya kesho yatapita alama hiyo. Kutoka Pujini hadi bandari ya Wesha kwa miguu wanawahi kabla ya alfajiri, wakipata ngalawa ya kuwavusha. Hawakungoja kulala.